Nyongeza ya Mama Mwaba

Samaki wa Kasenga walifika Élisabethville wamekwisha kulegea matumbo. Lori lao lilikwama njiani, barafu yote ikayeyuka. Honorine alipoyaona yale macho meupe, aligeuza uso. Lakini mama mkwe wake, Mama Mwaba, alikuwa amekaa mbele ya beseni na bakuli la damu ya kuku.

"Paka mu mashavu ya samaki," alisema. "Bantu banafungua, banaona nyekundu, bananunua."

Honorine akapaka. Bibi harusi wa juzi, nyumba ya wenyewe, ungemwambia afanye nini? Damu ilimganda chini ya kucha. Alitema mate, ptu! na bado akaisikia ile harufu hata kwenye nywele.

Kwenye soko la mtaa wa Albert, Mama Mwaba alisifiwa kweli kweli. Kila mteja alipata nyongeza, samaki mmoja wa bure. Loo, mwanamke ana roho nyeupe huyo! Kumbe nyongeza ndiyo iliyooza kuliko wote. Kitu cha kutupa jalalani alikitupa kwenye vyungu vya watu, na watu wakamshukuru.

"Kizuri chajiuza," alijigamba. Chake kilipakwa damu kwanza.

Siku hiyo alikuja Delphine, jirani yao, mke wa mfanyakazi wa reli. Hata mashavu hakufungua.

"Mama, weye siwezi kukuchunguza," alisema, akaenda na nyongeza yake.

Jioni alibisha hodi na sahani iliyofunikwa. Mtaani kwao aliyekupa humrudishii mkono mtupu, naye anayeletewa huonja mbele ya aliyeleta. Ndiyo heshima.

"Hii njo ile nyongeza yako, mama, na sombe ya muhogo. Nilisikia harufu kidogo, nikasema: aa-aa, Mama Mwaba hawezi kunipa kintu ya mubaya. Onja. Bana banaingoja chungu ku nyumba, nilibaambia basikule mpaka nirudi."

Mama Mwaba akaisukuma sahani kwa Honorine.

"Kula weye, mwana. Miye tumbo inaniuma."

Honorine alijua akifungua mdomo hatalala tena chini ya paa lile. Lakini akilini aliwaona watoto wa Delphine wamekizunguka chungu.

"Mama Delphine, kimbia! Mwaga ile chungu! Samaki ilioza, tuliipaka damu ya kuku!"

Delphine akamgeukia Mama Mwaba, akingoja akanushe. Mama Mwaba aliangalia sakafu. Delphine akatoka mbio, viatu vikabaki mlangoni.

"Umeniua," Mama Mwaba alisema. "Soko nzima itajua. Funga bintu byako, urudi kwenu."

"Nitafunga." Honorine alifunua sahani, akaisogeza karibu na uso wa mama mkwe wake. "Lakini bantu balituheshimu, mama. Onja kwanza."

Mama Mwaba akaziba pua.