Gari Bovu la Shamte

Akida Hamidu alinijia mara tatu kwa sababu ya gari bovu. Mara ya kwanza alisimama uani kwangu, hapa Nanganga, kilemba kikubwa kuliko akili, akalipiga gari teke kwa kiatu chake cha ngozi.

"Hili litoke," akasema. "Amri ya boma. Magari mabovu yote yaliyomo majumbani yaburutwe mpaka barabarani. Wahunzi wenu wanang'oa vyuma vyake wanafulia mishale."

Nilimwambia wahunzi wetu wamekwisha. Waliokuwepo walinyongwa, au wamevuka Ruvuma. Jibu hilo hakulipenda, na wala sikulitoa kwa upole.

Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu, Shamte. Ng'ombe huku hawakai kwa sababu ya inzi wa ndorobo, kwa hiyo lilikokotwa na watu: wanaume sita na mizigo ya misheni, kutoka Lindi mpaka Masasi. Gurudumu moja lilivunjika kabla ya vita vya Majimaji. Vita vilipokuja Shamte akakamatwa awe mpagazi wa askari, na mpaka leo sijaambiwa alitua wapi mzigo wake wa mwisho. Gari likabaki limeinama nyuma ya nyumba. Kuku wakalala juu yake, kisha kuku nao wakaisha.

Lakini sikuling'ang'ania kwa mapenzi ya Shamte. Askari walipokuwa wanachoma mashamba na vihenge, niliwahi kufukia vyungu viwili vya mbegu ya mtama, nimeichanganya na majivu na kuziba midomo kwa udongo. Nilivifukia chini ya gari, ambapo hakuna mtu wa kuona kwamba ardhi imechimbuliwa. Gari likiondoka, mbegu itaonekana, itachukuliwa. Mvua zikija, mimi na mwanangu Zena tupande nini? Mate?

Mara ya pili akida alikuja na askari wawili wenye kamba. Nikasimama mbele ya lile gurudumu zima, nikasema jambo ambalo sikulipanga.

"Msiguse. Kuna mtoto wangu hapo chini. Hakufikisha siku saba."

Kwetu, kichanga ambaye hajatolewa nje hazikwi na wanaume. Wanawake humzika wenyewe nyuma ya nyumba, na mwanamume hakanyagi pale. Hata wale askari walilijua hilo, wakaachia kamba. Akida akanitazama tumbo, tumbo lenyewe limeshikana na mgongo kwa njaa.

"Nani alikuzalisha?"

"Bi Mwanakombo."

Ningeweza kumtaja yeyote, nikamtaja mtu asiyejua kusema uongo. Bi Mwanakombo ndiye mkunga wetu, mzee wa sala tano, na wiki ileile tulioga naye mtoni. Tumbo langu alilijua vizuri kuliko mimi. Akida akatuma askari amlete, na msahafu uletwe.

Akaja polepole na fimbo yake.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akida akamweleza, kisha akamtaka ashike msahafu aape. Bi Mwanakombo akanitazama, akalitazama gari, akaomba maji. Akatawadha taratibu, mpaka vidole vya miguu, sote tunamngoja. Nilijua anajitayarisha kuniumbua.

"Wallahi," akasema, "mtoto yule nilimpokea mimi, nikamwosha mimi, nikamlaza mimi."

Jioni wanawake wakaja kulia msiba, kila mmoja na konzi ya unga wa ndiga, kiazi cha porini. Wote walikuwa wananiona mtoni. Hakuna aliyeuliza, na walilia vizuri mpaka na mimi nikalia. Walipoondoka nilimfuata Bi Mwanakombo kibarazani kwake.

"Bibi, nikuambie kilichoko pale."

"Usiniambie," akasema. "Nimeapa kwa nisichokijua. Nikikijua, nitakuwa nimeapa uongo mara mbili."

Miezi ile tuliishi kwa ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, na ming'oko nayo ikawa ya kufuatwa mbali. Bi Mwanakombo hakuweza tena kwenda porini. Miguu ikamvimba. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikaingia chini ya gari, nikafungua chungu kimoja, nikatoa kibaba kimoja cha mbegu. Nikaosha majivu, nikatwanga, nikampikia uji.

Akaushika uji, akaunusa. Nanganga nzima hapakuwa na mtama.

"Umetoa wapi?"

Nikainama nikachochea kuni.

Akamsukumia Zena bakuli. "Kunywa, mjukuu wangu." Kisha akanigeukia. "Sikukuuliza, na wewe hukuniambia. Lakini mbegu hailiwi, mama Zena. Usitoe tena."

Alikufa siku tisa kabla ya mvua ya kwanza. Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilikaa na vyungu viwili vya chakula hatua arobaini kutoka kitandani pake, na yeye akaniachia deni ambalo sina wa kumlipa. Usiku na mchana niliusikia mkono wake unalisukuma lile bakuli.

Mvua ilipoloweka ardhi nilifukua vyungu, nikawaita wanawake wote walionililia, nikawagawia mbegu. Tulipomaliza kupanda tulifunga kamba wenyewe, tukaliburuta gari mpaka barabarani, gurudumu bovu linachimba mtaro nyuma yetu. Pale lilipokuwa nikapanda mtama. Nikampelekea akida salamu: gari lako hili hapa.

Hakuwa na haraka nalo. Alipokuja, mara ya tatu, mtama ulikuwa umefika magotini. Gari hakulitazama hata mara moja. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Ulisema hapa pana kaburi," akasema. "Mwanamke gani analima juu ya mwanawe? Kaburi liko wapi?"

Nikamwambia anifuate. Nikampeleka mpaka kwa Bi Mwanakombo, udongo wake bado haujashuka.

"Hili hapa."

"Huyu ni yule mkunga."

"Ndiye," nikasema. "Aliapa mbele yako, na njaa ikamuua. Kama bado unataka ushahidi, chimba."

Hakuchimba.