Nyota ya Gauthier

Mtu akifa mtaani kwao Kampemba, Papa Liévin, mstaafu wa reli, humgawia nyota. Giza likiingia anasimama katikati ya viti vya kilio, ananyoosha kidole juu na kuwaambia wafiwa, "Ile pale. Ameshafika." Hudai kwamba ujanani aliwahi kuzipangia nyota ratiba, kama treni. Hakuna anayemwamini, wala hakuna anayetaka anyamaze.

Kwa rafiki yake Gauthier alichagua ile kubwa inayong'aa kando ya Msalaba wa Kusini. Mjane, Mama Albertine, aliitazama mpaka machozi yakamkauka.

Ndipo Chama akacheka. Chama ni mtani wa ukoo; kwenye kilio mtani husema atakalo na hakasirikiwi.

"Papa Liévin, ile nyota si ulipatiaka mama ya Michelle, mwaka ilipita? Sasa banalala babili mu kitanda kimoja?"

Watu wakaangua kicheko. Albertine hakucheka.

"Ni kweli, Papa Liévin?"

Liévin aliona heri akatwe ulimi kuliko kumwona mama huyu akinyang'anywa mumewe mara ya pili.

Ngalula, binti wa marehemu, mwalimu wa fizikia, akatoa simu yenye picha.

"Mama, angalia. Kwa macho iko moja. Batu balipoangalia na darubini, bakakuta ziko mbili, zinazungukana. Kisha bakaanza kupiga picha za mbingu. Bakalinganisha ya zamani na ya mupya, bakaona kanyota kadogo kamesogea. Ya tatu. Ukitoa jua, ile ndo iko karibu na siye kupita nyota zote. Kila darubini mupya inaleta zingine."

Liévin alisahau aibu yake. Miaka yote hiyo ya kudanganya, na hakuwahi kuthubutu kusema nyota moja ni tatu! Hao watu wa darubini wamelisema, tena na picha mkononi. Akawavulia kofia palepale, ingawa hawamwoni.

"Kale kadogo," Albertine akauliza, "kanaonekana?"

"Kwa macho, hapana, mama."

"Kafupi, kako karibu, na hakaonekani," Chama akasema. "Ndo Gauthier kabisa, saa ya kuchota mayi."

Albertine akacheka, viganja usoni, mabega yakimtikisika.

"Mupatie kale," akamwambia Liévin.

Mzee akamsogelea Ngalula.

"Hii moja," alinong'ona, "unionyeshe fasi yake, pale iko kabisa. Sitaki kukosea."