Nje ya Picha

Machozi yalimwishia Radi saa tisa na robo alasiri, kamera ikiwa bado imempa mgongo.

Nani angemlaumu? Miaka thelathini na minne alikuwa mtu wa jukwaani, na jina hilo alipewa huko kwa sababu ya sauti iliyowafikia hata waliokaa mstari wa mwisho, karibu na mlango. Jukwaani ukianza kulia unalia mpaka pazia lishuke. Hakuna wa kukuambia ngoja kwanza, zamu yako bado. Lakini tamthilia ya televisheni ina mambo yake. Mazungumzo ya watu wawili hupigwa picha mara mbili: kamera inamtazama huyu mpaka amalize, kisha inageuziwa mwenzake. Asiyepigwa picha husimama kando na kutamka maneno yake juu juu, akijitunzia nguvu. Binti yake, ambaye ndiye nyota wa tamthilia yenyewe, alimweleza hayo yote asubuhi walipokuwa wakivaa. Radi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wapi.

Waliigiza mama anayeagana na binti yake jikoni. Ilipokuwa zamu ya binti, Radi alisimama kando ya kamera akalia kwa kwikwi, kamasi na kila kitu, asibakishe hata tone. Binti alipomtazama, uso ukambadilika hata mwongozaji akasahau chai iliyokuwa mkononi mwake. Watu walipiga makofi. Binti akaenda chumbani kupumzika, kama ilivyo desturi yake, na kamera ikageuzwa.

"Mama, uko tayari?" mwongozaji aliuliza.

Tayari kwa lipi? Msaidizi alimsomea maneno ya binti, sauti imenyooka kama anasoma orodha ya sokoni, na macho ya Radi yakabaki makavu. Wakarudia. Alimkumbuka marehemu mumewe, hola. Mpambaji akaja na kichupa cha dawa ya machozi.

"Tone moja tu, Mama. Hata wakubwa wanatumia."

"Sijawahi kulia kwa dawa, mwanangu."

Hayakuwa maringo. Michezo yote aliyocheza iliondoka na walioitazama, na wengi wao wameshazikwa. Hapakuwa na dakika moja ya Radi iliyohifadhiwa popote duniani. Hili onyesho la jikoni ndilo pekee ambalo lingebaki, na binti alikuwa amelihangaikia miezi mitatu ili apewe mama yake. Sasa jua lilikuwa linaondoka dirishani, na kesho nyumba hii ya kukodi ilikuwa inarudi kwa wenyewe.

"Mwanga unatosha mara moja tu," mwongozaji alisema kwa upole. "Ikishindikana nitatumia mgongo wako, na sauti. Una sauti nzuri mno, Mama."

Mgongo. Radi alitamani sakafu ipasuke immeze.

Hapo binti akatokea mlangoni, miguu mitupu, akamwondoa msaidizi kwa kumshika bega. Alisimama kando ya kamera, karibu kabisa.

"Mama, nitazame mimi. Hawa wengine achana nao."

Alianza maneno yake ya kwanza na sauti ikamkatika. Alilia. Pale ambapo hakuna kamera wala mtazamaji alilia kwa moyo wote, wanja ukimchuruzika mpaka kidevuni. Radi akasahau mwanga, akasahau jikoni na watu wote waliojaa humo. Alichokiona ni mtoto wake analia. Maneno ya mwisho aliyatamka kwa sauti ndogo ambayo jukwaani hakuwahi kuithubutu.

"Nenda. Mlango sitaufunga."

Mkono wake ukainuka wenyewe, ukavuka meza, ukapita ukingo wa picha, ukamfuta binti shavu.

Mwongozaji alisema basi.

"Mkono umetoka nje ya picha," akaongeza. "Na machozi hayakuja."

"Ukiifuta hii," mpigapicha akajibu, jicho bado liko kwenye kamera, "utafute mpigapicha mwingine."

Watu wakacheka. Mpambaji akaja mbio na sponji amsafishe nyota wake. Radi hakuondoa mkono.

"Subiri kidogo," alimwambia. "Sijamaliza."