Kandambili za Bi Mwanamvua

Usiku wa jana niliota napita wodini na faili mkononi, na Bi Mwanamvua, mgonjwa wangu wa saratani ya tumbo, hana mdomo. Hakuna anayeshtuka. Mimi, daktari wake, naandika tu: hali kama jana.

Mwanawe Mhina ameketi kitandani kwake. Nesi anampa uji wa mama yake, anaunywa. Anampa vidonge vya mama yake, anavimeza. Hata kukohoa, Mhina anamkoholea mama yake, kwa adabu sana.

"Kesho saa nne asubuhi anapasuliwa mara ya tatu," ananikumbusha. "Ila asiambiwe, daktari. Atakata tamaa."

"Sawa," nasema. Ndivyo tulivyokubaliana koridoni nikiwa macho, na nilijiona mtu mwema kabisa.

"Sawa nini?" sauti inauliza kutoka chini ya kitanda.

Ni kandambili za kijani. Ya kushoto kamba yake imeshonwa kwa uzi mweusi, na ndiyo msemaji.

"Wiki tatu tunatazama mlango. Mfagiaji akitugeuza, tunajigeuza tena. Wewe unasoma faili."

"Utaratibu ni kuongea na ndugu," najitetea.

"Na mgonjwa, yeye si ndugu wa nafsi yake?"

Naona aibu. Naketi sakafuni, na hapohapo wodi inakuwa ua wa nyumba yake Muheza. Kuku wanapita wamefungwa vitambulisho vya hospitali miguuni. Kitanda kiko kando ya mafiga.

"Shikamoo, bibi," nasema. Ni mara yangu ya kwanza kumwamkia. "Unataka tukutibu vipi?"

Mdomo unarudi taratibu, mahali pake.

"Marahaba, mwanangu. Kisu basi. Nipeni dawa ya maumivu nirudi hapa. Ninachoumwa nakijua, tumbo ni langu. Mhina nimemwacha aseme kwa sababu anaogopa."

Mhina anaanza kulia. Safari hii analia mwenyewe, si kwa niaba ya mtu.

Nikaamka alfajiri nyumbani kwangu. Nikapapasa viatu kwa miguu. Kando ya viatu palikuwa na kandambili moja ya kijani, ya kushoto, kamba imeshonwa kwa uzi mweusi. Imeelekea mlangoni.

Nimeifunga kwenye gazeti. Naogopa, lakini saa nne haijafika. Nakwenda kumrudishia, na nitaanza kwa shikamoo.