Washa za Plastiki

Fundi alumini, yule binti wanayemwita Grenda, kama mashine ya kukatia vyuma, kwa jinsi anavyofoka, aliminya reli ya roshani kwa kidole gumba tu, kidole kikazama. Yaani kikazama kabisa, kama anaminya mkate. Reli aliyoifunga kwa mikono yake, miaka minne tu, leo kila penye bolti pamefura na kutoa unga mweupe.

Ghorofa ya tatu hiyo. Mbele bahari inarusha chumvi, nyuma kiwanda cha mbolea kinatema moshi mchana kutwa.

"Pisha nianike," alisema mama yake, beseni la nguo kiunoni.

"Mama, rudi ndani."

"Nikaanike kitandani?"

Kila asubuhi mama anaegemea reli hiyo hiyo, tumbo lote nje, kuifikia kamba.

Shemeji yake, mume wa dada yake na mwenye jengo, akatokea anahema, mkononi kopo la rangi.

"Umekuja kuona kazi yako mbovu, shemeji? Usijali, tunapaka rangi, yanaisha."

Grenda akachutama, akafungua bolti moja kwa spana. Kutu tupu. Akafungua ya pili.

"Washa zangu za plastiki, zile pete za chini ya bolti, ziko wapi?"

"Vile viplastiki? Nilivitoa kwenye roshani zote siku ile ile ulipoondoka. Vilikuwa vinalegeza. Chuma kwa chuma ndiyo inakaza, bwana!"

Damu ikampanda Grenda mpaka masikioni.

"Hii siyo chuma, ni alumini! Bolti ya chuma ikiigusa, na hewa yenyewe hii ya chumvi na moshi, alumini ndiyo inaliwa! Plastiki ilikuwa inavitenganisha! Nilikwambia hapa hapa, wewe unachezea simu!"

"Punguza sauti, wapangaji wanasikia."

"Nataka wasikie!"

Na kweli, vichwa vilishaanza kuchungulia madirishani. Shemeji akajifanya hana habari, akafungua kopo, akachovya brashi.

"Mama mkwe mwenyewe hajalalamika. Reli imara kabisa hii."

"Imara?" Grenda akasimama. "Haya, egemea."

"Nini?"

"Egemea. Wewe kwanza, mama baadaye."

Shemeji akacheka kidogo. Akanyoosha mkono, akachungulia chini, akaurudisha.

"Shemeji, mimi nina kilo mia, ujue."

 

Mama akamtazama mkwewe kuanzia kandambili mpaka kipara. Kisha akamsukumia beseni mikononi, maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Kumbe kilo zako unazihesabu," akasema. "Shika hizo nguo, na usiziweke chini."

Akamgeukia binti yake.

"Na wewe unangoja nini? Zing'oe zote. Ukimaliza hii, shuka kwa majirani."

Grenda akakaza spana mpaka kiganja kikauma. Shemeji alisimama pale pale na nguo za mama mkwe, mpaka bolti ya mwisho.