Visu Vilivyorudi na Makali Yake

"Nimekuuliza kina kasoro gani!"

"Na mimi nimekujibu, kiko—"

"Usiseme safi! Ukisema safi tena nakutoa humu na—"

"—safi, shemeji! Safi! Unataka niseme nini, kwamba kinakohoa?"

"Hujakata hata uzi! Umekishika, umefumba macho kama mtu anayesinzia ibadani, halafu safi. Lete hapa!"

Fundi alimpokonya kile kisu, akaweka makali juu ya mkono wake mwenyewe, akakivuta kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Shemeji yake alirushwa na mshtuko, kigoda kikaanguka.

"We! Una wazimu?"

Hakukutoka damu. Hata alama haikubaki.

"Nimekisugua sakafuni asubuhi yote," fundi alisema. "Makusudi. Hiki hakikati hata siagi iliyoanikwa juani. Nimekutega, na umenasa mzimamzima, kichwa mpaka mkia."

Shemeji alikisimamisha kigoda lakini hakukikalia. Alikuwa jitu la mtu, kazi yake kupaka rangi majumba, na kila siku kucha zake zilikuwa na rangi ya nyumba ya mtu mwingine. Alikuwa mdogo wa marehemu mke wa fundi. Dada yake alipoondoka, yeye ndiye aliyebaki kupita pale karakana baada ya kazi, akaketi, akapewa kisu, akasema safi.

"Kama hivyo, tafuta mwingine wa kukukosoa," alisema, akachukua kofia yake.

"Nitafute wapi? Angekuwepo mwingine ningekuita wewe?" Fundi alichomoa kisu kizima rafuni, akamsukumia mkononi. "Shika. Nenda nacho. Na usikanyage hapa mpaka uwe na neno jingine mdomoni."

Shemeji akaenda. Mlango ukabaki unacheza kwenye bawaba, halafu nao ukachoka.

Tatizo lilikuwa hivi. Visu vya fundi vilikuwa vimerudi. Mama mwenye duka la vyombo alivileta mwenyewe kwenye sanduku la kadibodi, akaliweka chini taratibu kama amebeba mayai. "Fundi, mimi sielewi. Watu wanavishika, wanavigeuza, wanasema kazi nzuri. Halafu wanavirudisha mezani wananunua vya kiwandani. Ukiwauliza vina nini, wanasema hakuna kitu."

Hakuna kitu! Mtu akikutukania kazi yako, angalau unajua pa kushika. Lakini hakuna kitu utakishika wapi?

Fundi alivipima upya vyote. Alikigonga kila kimoja kwa kucha akasikiliza mlio wake, maana chuma chenye ufa huitika kama mtu mwenye mafua. Alivielekeza mlangoni kwenye mwanga, jicho moja limefumbwa, akafuata mgongo wa kisu kuanzia shina hadi ncha, aone kama kuna kilichopinda wakati wa kuzamishwa kingali cha moto kwenye mafuta. Akakata gazeti. Akakata nyanya bila kukandamiza, kisu kikishuka kwa uzito wake wenyewe. Vyote vilipita. Na bado alijua kuna kasoro, kwa sababu watu hawarudishi kitu mezani bure.

Ilikuwa imebaki njia ya mwisho, na hiyo ilikuwa ya mkewe.

Mkewe hakuwa na habari na milio wala mianga. Alikuwa akichukua kisu kipya na ndoo ya viazi, anakaa pale kwenye ngazi ya mlango, anamenya ndoo nzima bila kusema neno. Kidole chake cha mwisho kilivunjika utotoni, kikabaki kimenyooka, hakikunjiki, kama mtu anayekunywa chai mbele ya wakwe. Ndoo ikiisha alikuwa akifungua kiganja na kukitazama. Pakiwa pekundu mahali, basi kisu kimefeli, na hata pasipokuwa pekundu bado alikuwa na la kusema. "Wewe unauliza chuma," alikuwa akimwambia fundi. "Mimi nauliza mkono." Hapo wanaanza. Anasema mpini mnene, fundi anasema mkono wako mwembamba, anasema basi oa mwingine mwenye mkono mnene, na fundi anaondoka na kisu huku ananuna, anakwangua pale alipoambiwa. Hakikutoka kisu pale bila ugomvi. Wala hakikurudi.

Fundi akajaribu ndoo ya viazi peke yake. Akaketi palepale kwenye ngazi, akamenya, akafungua kiganja, akakitazama. Kiganja kile kilikuwa kimeshika nyundo maisha yake yote, kilikuwa kama kwato. Ungeweza kuzima sigara juu yake kisikuambie kitu. Alimenya ndoo nyingine. Hakuna habari. Alivila vile viazi asubuhi, akavila jioni, akivila kwenye kona ya meza kwa sababu meza nzima ilikuwa kubwa mno.

Alimpelekea kisu jirani, mshona nguo, ambaye zamani walikuwa wakizozana naye kwa sababu ya kelele za nyundo. Jirani akakishika kwa ncha za vidole. "Kizuri, baba. Kizuri sana. Umekula lakini?"

Ndiyo hayo. Tangu msiba, mtaa mzima ulikuwa unamsemesha kwa sauti ya wodini. Alipomchomekea mteja bei ya kijinga kwa utani, mteja alilipa akashukuru. Alipoimba vibaya kwa makusudi, tena kwa sauti, hakuna aliyempigia ukuta. Alikuwa anazungukwa na watu wema, na ungesema amefungiwa ndani ya pamba. Mchana mmoja alijikuta analiambia jiliwa, ule mdomo wa chuma unaobana kazi mezani, kwamba limebana vibaya. Jiliwa halikujibu. Aliona hata lenyewe linamhurumia.

Shemeji alirudi siku ambayo fundi alikuwa ameshaacha kumtazamia. Alisimama mlangoni akaziba mwanga wote.

"Hodi."

"Una neno?"

Shemeji akafungua kiganja. Chini ya kidole cha mwisho kulikuwa na lengelenge lililopasuka, na jingine pembeni lilikuwa linajiandaa.

"Ndoo nzima," alisema. "Shemeji, nyumbani wananiangalia kama nimerogwa."

Fundi aliushika mkono ule mkubwa, akauvuta kwenye mwanga, akautazama kwa furaha isiyo na haya. "Afadhali!" alisema. "Afadhali, ndugu yangu! Sema. Sema yote."

"Makali hayana neno. Mgongo umenyooka. Ni mpini. Hapa nyuma umeacha kinundu, na mbele yake umechimba. Kidole changu cha mwisho hakina pa kukaa. Ukikishika kidogo dukani huwezi kujua ni nini, unasikia tu kwamba si chako. Ukikishika ndoo nzima, ndiyo hivi."

"Sijaacha kinundu chochote. Mpini wangu ni uleule wa siku zote."

"Lete kingine, basi."

Walivishusha vyote rafuni. Fundi alifumba macho akapitisha kidole gumba nyuma ya mpini wa kwanza, kinundu kile. Wa pili, kile. Alivipitia mpaka cha mwisho, na kila mahali, palepale ambapo kidole cha mwisho cha mtu hujikunja na kushika, alikuwa ameweka nafasi ya kidole kisichokunjika.

"Vyote ni vya mkono wa dada," shemeji alisema.

Fundi alikaa chini. Kumbe hilo ndilo walilokuwa wakigombania kila mara. Mkewe alikuwa anafungua kiganja kisicho na wekundu wowote na kusema, "Hiki kimenikaa mimi, kwa hiyo ni kibovu. Acha kunichongea mimi, chongea watu!" Na yeye ananuna, anakwenda kukwangua kinundu. Alidhani ni ubishi tu wa mke. Sasa hapakuwa na mtu wa kumnunisha, na mkono wake ulikuwa umeendelea na kazi yake, kimyakimya, bila kumwarifu.

"Ulijua?" aliuliza.

"Tangu kile cha kwanza ulichonipa."

"Na ukaniambia safi! Mimi hapa nakula viazi kama adhabu, natega mitego, nasugua kisu sakafuni kama punguani, na wewe unajua!"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi? Lijitu lote hilo?"

"Naogopa utavirekebisha, na mkono wake uondoke."

Nje jirani alikuwa akikanyaga cherehani, akaacha, akakanyaga tena. Fundi alisimama. Visu vilikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa imeonekana, na kisu chenye kasoro hakitoki kwake. Hilo halikuwa na mjadala. Alichukua cha kwanza, akakibana kwenye jiliwa mpini ukiwa juu, akatafuta tupa ya kukwangulia, akaiweka juu ya kinundu. Akaisawazisha. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Tupa ilikaa pale pale, haikwenda mbele wala haikurudi.

"Shemeji," yule mkubwa alisema nyuma yake. "Kabla hujaanza. Nitengenezee kimoja na mimi."

"Kisu?" Fundi hakugeuka. "Chagua hapo rafuni, vimejaa. Utalipa siku ukiwa nacho."

"Hapana, si kisu. Nataka mpini. Mpini mtupu wa hivyo hivyo, na kinundu chake. Usitie chuma."