Ufuta wa Buigiri

Mchana Loisi alikuwa ofisa sheria. Jioni alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sheria ya biashara ya kimataifa. Masomo yalipaswa kuwa yameisha zamani, lakini mama yake aliugua, na alipofariki kila kitu kikasimama. Hata alipopangiwa siku ya kutetea tasnifu yake, hakufurahi. Alitaka kumaliza tu, alale.

Jumapili kabla ya siku hiyo, shangazi yake Angelina, mwenyekiti wa wakulima wa ufuta wa Buigiri, alifika kwake mjini akitokea kanisani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Yule mnunuzi wa ng'ambo ameukataa ufuta wetu. Anasema umefika kwake umelowa. Anataka tusaini Jumanne kwamba kosa ni letu."

"Ulilowa wapi?"

"Tutajuaje? Hapa ulitoka mkavu."

Loisi akauomba mkataba. Aliusoma amesimama, kisha akakaa, akaurudia. Jambo hilohilo alikuwa ameliandikia sura nzima ya tasnifu, ya tatu: kwa mkataba wa aina hii, mzigo ukishapakiwa melini ukiwa salama, kitakachoupata baharini ni juu ya mnunuzi.

"Msisaini," alisema. "Ila lazima tuonyeshe ulipakiwa mkavu. Nani aliukagua Dar es Salaam?"

"Kampuni moja pale bandarini. Tunapiga simu, hawapokei."

Loisi aliukunja mkataba. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya kutetea tasnifu. Shangazi hakujua, naye hakumwambia. Huyu ndiye aliyemuuguza mama yake miezi ile yote, yeye akiwa darasani.

Jumatatu alipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Hakuna aliyepokea. Jumanne alfajiri akapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Alikuwa kwenye benchi ofisini kwa wakaguzi bandarini, viatu amevua, simu ilipoita. Ni Dokta Augustino, msimamizi wake.

"Loisi, jopo limeshakaa. Uko wapi?"

"Dar es Salaam, Dokta. Natafuta ushahidi wa sura ya tatu."

"Watakusogeza muhula ujao."

"Najua, Dokta. Nisamehe."

Mchana akapewa nakala ya cheti cha ukaguzi: ufuta ulipakiwa mkavu. Palepale benchini akamwandikia mnunuzi kwa niaba ya wakulima, akitaja kifungu na kuambatisha cheti. Alipomaliza aligundua hajala tangu jana.

Mnunuzi alibisha. Alileta wakili, wakili akaleta maneno marefu, Loisi akayajibu moja moja baada ya kazi, macho yakimuuma. Mwishowe wakili akaandika kwamba mteja wake amekubali kuulipia mzigo, na atadai fidia kwa kampuni yake ya bima.

Shangazi Angelina alipiga simu ofisini kwa vigelegele. Nyuma yake wanawake wa Buigiri walikuwa wakiimba.

"Mungu akubariki, mwanangu! Na masomo je, umemaliza?"

"Bado kidogo, shangazi."

Akakata simu, akafunga mlango wa ofisi, akalaza kichwa mezani.